Mtu Asiye na Ngozi

Mwalimu Pudensiana alikuwa mtu wa Sumbawanga, na hilo peke yake lilitosha kufanya watu wamtazame mara mbili. Utani kuhusu Sumbawanga na dawa zake umeenea nchi nzima, na huko Rungwe, alikopangiwa kufundisha, wanaujua wote. Siku alipotambulishwa kwenye mkutano wa wazazi na kutaja kwao, wazee waliokaa mbele walicheka. Waliokaa nyuma hawakucheka.

Shule aliyopangiwa ilikuwa changa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, serikali imeachia mambo mengi yaende yenyewe. Wazazi walikuwa wakijenga sekondari zao kwa matofali waliyofyatua na kuchoma kwa mikono yao. Kahawa, ambayo zamani ilikuwa lazima ipitie ushirika, sasa ilifuatwa mpaka mlangoni na wanunuzi binafsi wenye magari, watu ambao hakuna aliyewajua baba zao. Sekondari hiyo ilikuwa kwenye mwinuko juu ya Masoko, haina maabara wala picha ukutani. Kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mali ya Pudensiana.

Alipanga chumba kwa Bibi Dainess, mjane mwenye nyumba ya matofali katikati ya migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na mjukuu aitwaye Janeth aliyekuwa kidato cha tatu katika shule hiyo hiyo. Mwanzoni waliishi vizuri. Asubuhi Bibi Dainess alimwachia mpangaji wake kikombe cha maziwa mlangoni, na jioni walikaa jikoni wakimenya ndizi, mmoja akifundisha Kinyakyusa na mwingine akikikosea. Pudensiana alikuwa mwembamba, sauti yake nzito kuliko mwili wake, na aliipenda kazi yake kupita kiasi. Hilo la kupenda kazi ndilo lililomponza.

Muhula wa pili walifika kwenye mada ya misuli na mishipa ya fahamu. Kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuonyesha, aliwaambia wanafunzi watumie miili yao.

"Kunja mkono," alisema. "Shika hapa mbele, juu ya kiwiko. Unasikia nyama inavyojikusanya? Sasa nyoosha, shika nyuma. Safari hii ni ya nyuma iliyokaza. Msuli unajua kazi moja tu, kuvuta. Kusukuma haujui. Ndiyo maana umewekewa mwenzake upande wa pili. Huu ukivuta, ule unalegea."

Alipita dawati kwa dawati akibonyeza mikono ya wanafunzi, ahakikishe kila mmoja ameshika mahali penyewe. Kisha akamkalisha Janeth juu ya meza, miguu ikining'inia, akampiga kidogo chini ya pia ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukaruka. Darasa zima likapiga kelele.

"Janeth, ulitaka kurusha mguu?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa nani kaurusha? Habari imetoka kwenye goti, imepanda kwa mshipa wa fahamu mpaka kwenye ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, na jibu limetolewa huko huko. Ubongo umekuja kupata taarifa baadaye, kama mwenyekiti anayeitwa mkutano umeshakwisha."

Walicheka sana. Jioni ile Janeth alimkuta bibi yake amekaa ukingoni mwa kitanda kilichoinuka, miguu haigusi chini. Akampiga chini ya goti. Mguu wa Bibi Dainess ukaruka, ukapiga teke kikapu cha mahindi.

Bibi Dainess hakucheka. Aliutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Nani kaurusha?"

"Umeruka wenyewe, Bibi. Mwalimu ametufundisha."

"Mguu wangu hauruki wenyewe. Umri wote huu haujawahi kuruka." Akalifunika goti kwa khanga. "Na yeye mwenyewe huwa anawashika?"

"Anatushika mikono. Anaangalia nyama zetu zilivyo."

"Anaangalia nyama zenu," Bibi Dainess akarudia, akashuka kitandani polepole.

Usione ajabu. Siku zile mkoa mzima ulikuwa umekumbwa na uvumi mbaya. Ilisemwa kuna watu wanaochuna ngozi za binadamu na kwenda kuziuza mbali. Kila mtu alikuwa na habari aliyoisikia kwa shemeji wa fulani. Hakuna aliyejua ngozi hizo zilitumika kwa nini, na kutojua huko ndiko kulikowaogopesha watu zaidi. Wanawake waliacha kwenda kisimani peke yao. Gari lisilojulikana likipita, majembe yalisimama shambani mpaka lipotelee kwenye kona.

Katikati ya uvumi huo, Pudensiana akaenda Mbeya kununua viatu, akarudi na picha.

Aliikuta kwenye soko la Mwanjelwa, kwa muuza vitabu vya mitumba, chini ya rundo la magazeti ya kizungu. Ilikuwa picha ya ukutani ya kufundishia, urefu wa mtu mzima, imechapwa kwenye kitambaa kizito kilichopakwa mafuta ya kung'aa, ina fito juu na chini. Upande mmoja alisimama mwanamume asiye na ngozi, mikono ameifungua kidogo, misuli yote nje, myekundu, na kano nyeupe zikiishikilia kwenye mifupa. Macho yalikuwa wazi, maana kope nazo zilikuwa zimeondolewa. Upande wa pili alikuwa yeye yule, amebaki na ubongo, ugwe wa mgongoni na mishipa ya fahamu iliyotawanyika mwilini kama mizizi ya mgomba. Pudensiana alisahau viatu.

Tukuyu alikuta gari la Masoko limeshaondoka. Akiwa amesimama stendi na mzigo wake mrefu ulioviringishwa ndani ya kiroba, akatokea Meshaki, mnunuzi wa kahawa mwenye pikapu nyeupe, kijana mcheshi aliyekuwa akizunguka vijiji vya huko tangu msimu uanze.

"Mwalimu, panda, naelekea huko huko. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Mtu," Pudensiana akamtania.

Meshaki akacheka, akampokea mzigo. Alimshusha mlangoni kwa Bibi Dainess, akamsaidia kuuingiza ndani, akaaga kwa sauti: "Haya, mtu wako asije akakutoroka!"

Bibi Dainess alikuwa kwenye migomba, ameshika mundu. Alisikia kila neno.

Kesho yake Pudensiana alikuwa shuleni. Alikuwa ameitundika picha kwenye msumari chumbani ili kitambaa kinyooke kabla ya kukipeleka darasani. Bibi Dainess aliusukuma mlango, ambao komeo lake lilikuwa bovu, akachungulia. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Kwenye ukuta mtu mwekundu alikuwa amesimama, anang'aa, amemkazia macho.

Hakupiga kelele. Aliufunga mlango kama alivyoukuta, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake Ambindwile, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji na mchinjaji anayetegemewa kwenye misiba yote ya upande ule.

"Ulimgusa?" Ambindwile aliuliza.

"Nimguse mimi?"

"Ni ngozi au ni nyama?"

"Ngozi ndiyo hana, shemeji! Hiyo ndiyo habari niliyokuletea."

Tangu siku hiyo kikombe cha maziwa hakikuonekana tena mlangoni. Dukani, mwenye duka aliiweka chenji mezani asiguse kiganja cha mwalimu. Darasani madawati yakaanza kubaki wazi. Wengine walisema wanaumwa, wengine wameitwa na wajomba. Janeth aliendelea kuja, lakini alihamia kiti cha nyuma, na siku mwalimu alipopita kubonyeza mikono, aliuficha wake chini ya dawati.

Pudensiana hakuambiwa kitu, naye akaanza kuhesabu mambo kivyake. Aliona alama ya mguu mtupu kizingitini kwake, ya udongo mbichi wa bustanini. Mtu aliingia. Kwa nini hakuiba? Anayeingia bila kuiba anatafuta nini? Na yeye alikuwa amezisikia habari za wachunaji. Mgeni, mwanamke, hana mume, hana ndugu karibu. Akapika chakula chake mwenyewe, akaacha kunywa maji ya mtungi wa jikoni. Bibi Dainess alipomsalimia kwa kunong'ona, yeye alijibu akiwa amesimama mbali, na kila mmoja akaona kwa mwenzake dalili aliyokuwa akiitafuta.

Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha juu ya bati, alisikia sauti ya Ambindwile jikoni. Mvua ilimeza maneno mengi, lakini haya aliyapata.

"Ana ndugu gani wanaomtembelea?"

"Hakuna. Hajawahi kuja hata mmoja."

"Na hutoka shule saa ngapi?"

Bibi Dainess akajibu kitu kisichosikika.

"Basi tusikawie," Ambindwile akasema.

Pudensiana alibaki amekaa kitandani. Alijua kilichokuwa kikitokea ndani yake. Vinyweleo vya mikono vimesimama, mate yamekauka, moyo unagonga, tumbo limejikaza. Ni ile misuli na ile mishipa ya fahamu isiyongoja amri ya mwenyewe. Angeweza kukufundisha somo zima juu yake. Kulijua hakukumpunguzia hofu hata chembe.

Jumatatu Meshaki alimkuta njiani, akasimamisha pikapu. "Mwalimu, mbona umekonda? Panda nikupeleke Tukuyu ukapumzike."

Nani kamtuma huyu, Pudensiana akawaza. Kwa nini anataka kunitoa hapa? "Sipandi," alisema, akaingia kwenye kahawa za watu mpaka gari likaondoka.

Mchana wake, akitoka shule, aliwaona kwenye mteremko. Ambindwile mbele na fimbo, wanaume watatu nyuma yake, na nyuma yao kabisa Bibi Dainess amejifunika khanga kichwani. Akageuka kurudi shuleni. Huko nako kulikuwa na wawili wamesimama. Akasimama katikati ya njia.

"Mwalimu," Ambindwile alisema alipofika, kwa heshima ileile ya siku zote, jambo lililomtisha zaidi. "Tunaomba utuonyeshe ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya yule mtu uliyemtundika."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, kicheko kikamtoka, kibaya, cha juu juu, kisichozuilika. Alicheka mpaka machozi. Hakuna aliyecheka naye. Mmoja wa wale wanaume akarudi nyuma hatua moja.

"Ni picha, mwenyekiti," akasema hatimaye. "Ni picha ya shule."

Wakaenda wote. Mlango ukafunguliwa wazi, mwanga ukaingia. Ambindwile aliigusa picha kwa ncha ya fimbo, kisha kwa ukucha, kisha akainusa. Akaigeuza, akaiona mishipa ya fahamu, akairudisha haraka.

"Ni kitambaa," aliwaambia wenzake. Wanaume wakashusha pumzi. Mmoja akaanza kutabasamu. Ambindwile hakutabasamu. Alizidi kumtazama yule mtu mwekundu, kifua, mapaja, vidole.

"Aliyechora hiki alikuwa fundi," akasema. "Kila kitu kipo mahali pake. Mimi nimechinja maisha yangu yote, najua nyama inavyokaa. Sasa niambie, mwalimu. Huyu fundi, alimwona wapi mtu asiye na ngozi mpaka akamchora hivi?"

Pudensiana angeweza kudanganya. Alifungua mdomo kusema ni ya kubuni, akaona macho ya mchinjaji yakimsubiri.

"Madaktari huwapasua watu waliokufa," alisema. "Ili wajifunze. Na wachoraji huwachora."

"Kwa hiyo yupo mtu aliyechunwa."

"Yupo. Alikuwa ameshakufa."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Na ndugu zake waliulizwa?"

"Sijui."

Ambindwile akatikisa kichwa, akaiviringisha picha kwa uangalifu, bila kuikunja, akaiweka kwapani. "Hii tutakaa nayo ofisini," akasema. Wakatoka. Bibi Dainess alikuwa wa mwisho, na hakumwangalia mpangaji wake.

Mkuu wa shule, Ezron, mtu mpole aliyependa mambo yapoe yenyewe, alimshauri Pudensiana aachane na picha na afundishe kwa maneno. Wengi kijijini waliridhika kwamba kitambaa ni kitambaa. Lakini hofu iliyokwisha kuamka ilitaka mahali pa kukaa, ikamhamia Meshaki. Walikumbuka kuwa aliubeba ule mzigo, na kwamba alisema maneno ya mtu kutoroka. Siku moja alikuta magogo yamelazwa barabarani na vijana wamekaa kimya pembeni. Aligeuza pikapu, hakuonekana tena upande ule. Kama alikuwa mtu mwema au mbaya, hakuna aliyewahi kujua.

Kabla mwezi haujaisha akafa mzee mmoja wa jirani. Msiba ulikuwa mkubwa, na Pudensiana alikwenda, maana asiyekwenda msibani huko hujitangaza mwenyewe. Alikaa na wanawake, nao wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Nyuma ya nyumba Ambindwile na wenzake walikuwa wamemaliza kuchuna dume la ng'ombe, wameliweka juu ya majani ya migomba. Pudensiana alikuwa akipita kwenda kuchota maji aliposikia akiitwa.

"Mwalimu. Hebu njoo hapa."

Bega la dume lilikuwa likichezacheza. Nyama ilijikunja, ikatulia, ikajikunja tena, kama ngozi ya ng'ombe hai anayefukuza inzi.

"Huyu amekufa, kichwa kile pale," Ambindwile alisema. "Hii naiona tangu utoto. Baba yangu alisema ni roho inaaga. Wewe unasemaje?"

Ulikuwa mtego, na wote wawili walijua. Pudensiana alichuchumaa.

"Sitabisha na baba yako," alisema. "Ninachojua mimi ni hiki. Msuli una akiba yake ya chakula. Mwenyewe akishakufa, akiba haiishi palepale. Kitu chochote kikiugusa kabla haijaisha, unavuta, kwa sababu haujui kazi nyingine. Nipe chumvi."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akaleta chumvi ya mboga kwenye kipande cha jani. Pudensiana alinyunyiza kidogo kwenye nyama iliyokuwa imetulia. Ikaanza kutetemeka palepale, mstari kwa mstari. Kelele zikapanda, wengine wakakimbia. Ambindwile hakukimbia. Aliinama karibu.

"Na huu?" Aligusa uzi mweupe uliopita kati ya minofu, laini, unene wa bua la nyasi. "Sisi tunautupa."

"Huo ni mshipa wa fahamu. Damu haipiti humo. Kinachopita ni amri ya kwenda na habari ya kurudi. Ukikatika, msuli unabaki mzima lakini haupokei neno. Unakonda mpaka unakwisha. Ndiyo maana mtu aliyeanguka mtini akaumia mgongo, miguu yake mizima inalala."

Ambindwile alikuwa na kaka aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, akaishi miaka mingi akiwa amelala. Kila mtu pale alijua, isipokuwa mwalimu. Mchinjaji alisimama, akafuta kisu chake kwa jani. "Ndaga, mwalimu," akashukuru tu kwa Kinyakyusa, akaendelea kukata.

Picha ilirudi shuleni baada ya siku chache, na Ambindwile aliileta mwenyewe. Alitoa masharti: ikae darasani, isilale nyumba moja na watu, na somo likiisha ifunikwe kwa shuka. "Aliyekufa hasimamishwi uchi mbele ya watoto siku nzima," alisema. Pudensiana alikubali, na kwa kweli aliona ni haki.

Kwa Bibi Dainess mambo hayakurudi kama zamani. Pudensiana alipata chumba kwenye nyumba ya walimu, na siku ya kuhama alitaka kuondoka kwa amani, akamweleza yote: alama ya mguu, maji ya mtungi, maneno aliyoyasikia kwenye mvua. "Na mimi niliwaogopa ninyi, Bibi," alisema. "Nilidhani mnataka kunichuna mimi."

Alitegemea wacheke pamoja. Bibi Dainess alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Mimi? Mimi nikuchune wewe? Niliyekupa maziwa ya ng'ombe wangu?"

"Bibi, na wewe si ulidhani..."

"Mimi niliona mtu ukutani! Wewe uliona nini kwangu?"

Bibi Dainess aliingia ndani, akafunga mlango, na kwa msimu mzima wa kahawa alikuwa akipita njia ya mbali asikutane naye. Janeth ndiye aliyepeleka na kuleta salamu, na nyingi alizitunga mwenyewe.

Mwaka uliofuata, siku ya wazazi, Bibi Dainess alikuja shuleni na wenzake. Shuka lilikuwa limeondolewa. Alimtazama yule mtu mwekundu kwa muda, kisha akashika bega lake la kulia, linalomsumbua tangu palizi.

"Linaniuma hapa nikinyanyua jembe. Kwake ni wapi?"

Pudensiana alimwonyesha msuli mpana ulioshuka kutoka shingoni mpaka mgongoni, akamweleza namna ya kulikanda kwa maji ya moto. Bibi Dainess alinyoosha kidole, akakaribia kugusa, akakirudisha.

"Na wewe unalala vizuri siku hizi?" akauliza, bila kumwangalia.

"Nalala, Bibi."

"Huko nyumba ya walimu hawana ng'ombe."

"Hawana."

Bibi Dainess akajifunga khanga vizuri, akaenda kukaa na wanawake wenzake kwenye benchi lililo karibu na mlango. Kesho yake Janeth alikuja shule na chupa ya maziwa. Pudensiana aliichukua, akashukuru, jioni akaenda nayo nyumbani, akayachemsha maziwa mara mbili kabla ya kuyanywa.